Taa ya Nyuma Ikae Nyuma ya Mzigo



Katika gazeti hili la shule yetu wenzangu wameandika mengi juu ya mambo makubwa: juu ya elimu, juu ya uongozi, juu ya wajibu wa kijana kwa nchi yake. Mimi leo naomba nafasi niandike juu ya kitu kidogo kiwezacho kufunikwa kwa kiganja cha mkono. Ni taa nyekundu ya nyuma ya baisikeli, pamoja na riflekta, yaani kile kioo chekundu cha plastiki kisichokuwa na betri wala waya, ambacho hung'aa tu kinapopigwa na taa za motokaa. Na kwa kuwa vitu hivi ni vidogo, hapo ndipo shida yetu yote ilipo. Kwetu Luzira hufunikwa kila siku, si kwa kiganja, bali kwa gunia, kwa mkungu wa matoke, kwa koti na kwa mfuko wa vitabu.

Maoni yangu nayasema mapema, ili asiye na wakati wa kusoma hadi mwisho ayachukue na kwenda zake. Taa na riflekta ya nyuma zisifungwe chini ya kiti, wala zisiachwe juu ya madigadi peke yake. Zifungwe kwa bolti kwenye ncha ya mwisho ya keria, nyuma ya mzigo wowote utakaobebwa. Na mtu anayekwenda kununua, anunue kwanza riflekta, kisha taa, na zote mbili azichague kwa kujiuliza swali moja tu: Je, nikiisha kupakia mzigo wangu, mtu anayekuja nyuma ataiona?

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili latuhusu sisi hasa. Kampala iko karibu sana na Ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja za jioni, na likiisha kuzama giza halikawii. Wenzetu wa Ulaya wana miezi ya kiangazi ambayo mtu aweza kupanda baisikeli saa tatu za usiku akaiona njia bila taa. Sisi hatuna miezi kama hiyo. Mwanafunzi wa kutwa anayebaki shuleni kwa masomo ya jioni hurudi kwao gizani katika muhula wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Awe anakwenda Kitintale, au Mutungo, au Mbuya, au Butabika, safari yake ni ya usiku.

Tena hayuko peke yake njiani. Barabara ya Port Bell ndiyo njia ya malori ya kiwanda cha bia na ya magari yaendayo bandarini ziwani. Humo humo zimo teksi zinazokimbilia abiria wa mwisho, na bodaboda zinazopenya kushoto na kulia. Na katikati ya hayo yote wamo watu wa baisikeli, ambao Waganda huiita eggaali: mchuuzi wa mkate anayerudi na sanduku lake tupu, mtu wa makaa, mtu wa samaki, mtu wa maziwa, baba wa mmoja wetu anayerudi kazini. Watu hawa ndio wanaokwenda polepole kuliko wote barabarani, nao hawana bati wala kioo cha kuwakinga.

Nitoe mfano mmoja. Muhula uliopita mwenzetu wa kidato cha tatu aligongwa kwa nyuma na pikipiki, yapata saa mbili za usiku. Alivunjika mfupa wa mguu, akakosa mitihani ya mwisho wa muhula. Siku zilizofuata maneno yalikuwa mengi bwenini na darasani. Wengine walisema, "Hakuwa na taa." Wengine, waliomjua vizuri, walisema, "Alikuwa nayo, na ilikuwa inawaka." Kwa maoni yangu wote walisema kweli. Baisikeli yake ilikuwa na riflekta nzima juu ya madigadi, na taa nyekundu ilifungwa chini ya kiti. Lakini juu ya keria alikuwa amefunga gunia la makaa alilotumwa na mama yake. Gunia lilisimama nyuma ya taa kama ukuta, na sehemu yake ya chini ikaning'inia juu ya riflekta. Kwa mwenye baisikeli, taa ilikuwapo. Kwa yule aliyekuja nyuma, haikuwapo. Na taa ya nyuma haikuwekwa kwa ajili ya mwenye baisikeli. Ni ya yule anayekuja nyuma.

Sasa tutazame sheria zinataka nini, maana wengi hudhani kwamba sheria za barabarani ni za wenye motokaa peke yao. Sivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 ina maneno kwa wapanda baisikeli pia. Na katika ulimwengu kwa jumla, upo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya safari za barabarani, ambao wataka baisikeli iwe na breki nzuri, na kengele, na riflekta nyekundu nyuma, na iweze kuonyesha taa nyeupe au ya manjano mbele na taa nyekundu nyuma. Angalieni maneno hayo: riflekta na taa. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Wenzetu wa Uingereza wamekwenda mbali zaidi wakaandika hata kimo. Kwa kanuni zao za mwaka 1989, taa ya nyuma ya baisikeli hukaa katikati au upande wa kulia, wala isiwe chini ya milimita 350 kutoka ardhini, wala isizidi milimita 1,500. Riflekta yao ni kati ya milimita 250 na 900. Kwa nini riflekta isipande juu sana? Kwa sababu taa za motokaa zikiwa zimeshushwa humulika chini zaidi kuliko juu, na riflekta haina mwanga wake yenyewe, yangoja kumulikiwa. Na kwa nini upande wa kulia usikatazwe, na wa kushoto ukatazwe? Kwa sababu Waingereza, kama sisi Waganda, hupita upande wa kushoto wa barabara, na motokaa inayompita mpanda baisikeli humpita kwa kulia. Basi vipimo hivi hata kwetu vina maana, kwa kuwa njia yetu ni ile ile.

Sasa chukua rula ukapime keria ya baisikeli kubwa ya kawaida. Utaona kwamba ncha yake ya nyuma iko juu ya gurudumu, yapata milimita 700 au 800 kutoka ardhini. Yaani iko ndani kabisa ya vipimo hivyo, kwa taa na kwa riflekta pia. Keria ndiyo mahali pake. Sikubuni mimi jambo hili. Taa nyingi za nyuma zitengenezwazo Ulaya kwa ajili ya keria zina bolti mbili zilizoachana milimita 50 au milimita 80, na keria za kule zina kibati chenye matundu ya vipimo hivyo hivyo. Mtu akinunua taa ya namna hiyo kwa keria ya kwetu isiyo na matundu, aipime kwanza, ndipo amwendee fundi.

Lakini mbona baisikeli zetu huja na riflekta kwenye madigadi? Sababu si ngumu. Baisikeli zinazobeba mizigo kwetu, ziwe zimetoka India au China, zimefuata umbo la zile za Kiingereza za zamani: fremu nzito, magurudumu ya inchi 28, na madigadi marefu ya nyuma yenye sehemu nyeupe na kijiriflekta chake. Umbo hilo lilimfaa mtu wa kwenda kiwandani na mfuko mdogo. Sisi tuliichukua baisikeli hiyo tukaipa kazi nyingine. Tulimpelekea fundi akaipanulia keria kwa vyuma vinene, tukaipakia matoke mikungu mitatu, na jerikeni za maji, na hata watu. Huko mpakani Busia na Malaba, kabla neno bodaboda halijawa la pikipiki, lilikuwa la baisikeli yenye mto wa kukalia juu ya keria, iliyovusha abiria na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda. Keria imebadilika, kazi imebadilika, ila riflekta imebaki pale pale ilipowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Yatupasa tuihamishe.

Sasa niseme juu ya kuchagua, maana si kila kitu chekundu ni riflekta. Ukipata riflekta iliyovunjika, itazame kwa ndani. Utaona vipembe vidogo vingi, na kila kipembe kina nyuso tatu zinazokutana kama pembe ya ndani ya sanduku. Mwanga ukiingia hupiga uso wa kwanza, ukaruka hadi wa pili, ukaruka hadi wa tatu, kisha hurudi kule kule ulikotoka. Mwenye kutaka kulielewa jambo hili achukue mpira mdogo, aurushe kwa nguvu pale chini ambapo kuta mbili na sakafu hukutana. Mara nyingi utamrudia mwenyewe. Ndivyo riflekta ifanyavyo kwa mwanga wa motokaa: humrudishia dereva mwenyewe, wala haumwagi ovyo. Wanaanga wa Marekani waliotua mwezini mwaka 1969 waliacha huko sahani yenye vipembe 100 vya kioo vya namna hiyo, na wataalamu wa hapa duniani huipiga kwa mwanga wa leza na kupima umbali wa mwezi kwa mwanga unaorudi. Na huko Uingereza, katika miaka ya 1930, Percy Shaw wa mji wa Halifax alibuni yale macho ya paka yanayopandwa katikati ya barabara ili kuwaonyesha madereva njia usiku. Elimu ni ile ile.

Kutokana na hayo twajifunza mambo matatu. La kwanza, kioo cha kujitazamia si riflekta. Nawaona watu wamefunga sidii za muziki nyuma ya baisikeli wakidhani wamejikinga. Sidii ni bapa. Ikielekezwa juu kidogo tu, mwanga wote huenda mawinguni, na dereva haoni kitu. Kifuniko cha mkebe kilichopakwa rangi nyekundu ni hivyo hivyo. La pili, riflekta iliyojaa matope ni kipande cha plastiki tu, maana mwanga hauingii wala hautoki. Ifutwe kwa kitambaa kila jioni, hasa siku za mvua. La tatu, yapasa isimame wima na kutazama nyuma moja kwa moja. Iliyolala kama sahani mezani haimfai mtu. Basi dukani chagua riflekta pana, nyekundu, yenye bolti ya chuma na kibati nyuma yake. Ile ya kubandika kwa gundi haitafika mwisho wa mwezi kwa mtikisiko wa barabara zetu.

Wako watakaouliza: kama riflekta ni nzuri hivyo, taa ni ya nini? Jibu ni kwamba riflekta hulala mpaka aje mtu wa kuiamsha. Pikipiki isiyokuwa na taa ya mbele, na ziko, haitaiamsha. Motokaa inayotokea kwenye kona haitaiamsha mpaka imeinyokea, na pengine wakati umekwisha. Tukumbuke mwendo wa motokaa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa motokaa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kitabu cha Waingereza cha kanuni za barabarani chasema kwamba kwa kilomita 64 kwa saa dereva huhitaji mita 36 kusimama, na kwa kilomita 80 mita 53, nayo ni barabara kavu na breki nzima. Kwa hiyo yafaa dereva akujue kabla taa zake hazijakufikia, na taa yako ndiyo itakayompa habari hiyo.

Taa zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya dainamo, ambayo wazee wetu waliijua sana. Dainamo ya kawaida ni ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 huenda mbele, na 0.6 nyuma. Uzuri wake ni kwamba haiombi betri wala chaji. Ubaya wa zile za zamani ni kwamba ukisimama, nayo huzimika, yaani hukuacha gizani saa ile unapongoja kuvuka barabara. Taa mpya nyingi za nyuma za dainamo zina kifaa ndani kinachoweka umeme kidogo, zikaendelea kuwaka dakika chache baada ya gurudumu kusimama. Ukinunua ya dainamo, chagua ya namna hiyo.

Ya pili ni ya betri ndogo za kubadilisha. Hii ni rahisi kununua, lakini huzima pole pole bila kumwambia mwenyewe, kwa kuwa iko nyuma ya mgongo wake. Mwenye taa hii ajizoeze kuitazama kila jioni kabla hajapanda. Ya tatu ni ile inayochajiwa kama simu, au kwa jua. Kwa mwanafunzi nadhani hii ndiyo ya gharama ndogo mwishoni, ila akumbuke kuichaji kama anavyokumbuka simu.

Ya namna yoyote, iwe nyekundu. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wamefunga tochi nyeupe nyuma ya keria kwa nia njema. Dereva akiona taa nyeupe hudhani chombo chaja kumkabili, kumbe chaenda mbele yake. Na je, iwake tu, au imetemete? Hapa hata mataifa hayakubaliani. Ujerumani hawaruhusu taa ya baisikeli imetemete. Uingereza waliruhusu mwaka 2005. Mimi nachagua ile inayowaka bila kukatika, maana gizani ni vigumu kukisia umbali wa kitu kinachoonekana na kupotea. Tena isielekezwe juu, isije ikampofusha mwenzako anayekufuata kwa baisikeli.

Sasa juu ya kuifunga. Mizigo yetu mara nyingi huzidi keria kwa nyuma, hivyo hata taa iliyo kwenye ncha ya keria yaweza kufunikwa na gunia linaloning'inia. Dawa yake ni kipande cha chuma bapa cha urefu wa shubiri moja, kilichochomelewa kwenye ncha ya keria na kutokeza nyuma, na mwisho wake kikakunjwa kwenda chini. Hapo ndipo taa na riflekta zifungwe, katikati au kulia kidogo. Fundi yeyote wa kuchomelea aweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Na Kampala, mji wenye mafundi wa chuma kama wale wa Katwe, haiwezi kulalamika kwamba hakuna wa kuifanya. Mzigo ukiwa mrefu zaidi ya hapo, kama miwa au mabomba, chukua riflekta ya pili uifunge kwa mpira wa tubu mwishoni mwa mzigo wenyewe. Na pedali zako zikiwa na riflekta za manjano, usizing'oe. Hupanda na kushuka jinsi unavyokanyaga, na dereva anayeziona hujua mara moja kwamba mbele yake yupo mtu kwa baisikeli.

Najua yapo majibu yatakayotolewa dhidi yangu, nami nataka kuyajibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema, "Ajali haina kinga." Mithali hii ni ya kumfariji aliyekwisha kupatwa. Haikutungwa ili kumfundisha mtu asijikinge. Anayeisema huku akifunga mlango wake kwa kufuli usiku ajiulize mbona mlango ana kinga nao.

Wa pili atasema, "Taa huibiwa." Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kuifunga kwa bolti kwenye chuma badala ya kuibana kwa kamba ya mpira chini ya kiti. Mwizi apenda kitu cha kuchomoa, hapendi cha kufungua kwa spana mbili. Na riflekta iliyokwisha kukwaruzwa jina la mwenyewe kwa msumari haina bei sokoni.

Wa tatu atasema, "Hatuna fedha." Huyu namheshimu kuliko wote, maana karo pekee ni mzigo mzito nyumbani. Lakini ndiyo sababu nimesema aanze na riflekta. Ni ya bei ndogo, hununuliwa mara moja, haili betri, na ikifutwa hudumu miaka. Taa yaweza kungoja mwezi ujao. Riflekta isingoje.

Wa nne ni mwenye hoja ngumu. Atasema, "Kazi ya kuona ni ya dereva. Aende kwa mwendo ambao aweza kusimama ndani ya umbali anaouona. Mbona mwathirika ndiye anunue taa?" Hoja hii ni ya zamani sana. Wapanda baisikeli wa Uingereza, kwa chama chao Cyclists' Touring Club kilichoanzishwa mwaka 1878, waliishika miaka mingi wakikataa kulazimishwa kuwa na taa ya nyuma. Walihofu kwamba siku sheria itakapowataka wawe na taa, dereva atakayewagonga atapata neno la kujitetea. Vita vilipoanza mwaka 1939 na miji yao ikazimwa taa kwa hofu ya ndege, taa ya nyuma ililazimishwa, na baada ya vita sheria ikabaki.

Nami nasema hofu yao haikuwa ya bure. Mwenzetu alipogongwa, neno la kwanza kusemwa lilikuwa "Hakuwa na taa". Hakuna aliyeuliza pikipiki ilikuwa ikienda mwendo gani. Wajibu wa dereva haupungui hata kidogo kwa sababu mimi nina taa. Lakini haki haina mwanga. Mtu aweza kuwa na haki yote na bado asionekane, na mfupa uliovunjika hauungwi kwa hukumu ya hakimu. Tudai haki yetu kwa madereva mchana, na usiku tuwashe taa.

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni kwa shule. Naomba viranja wa zamu wasimame langoni jioni masomo yanapokwisha, si kuangalia sare tu, bali kutazama kila baisikeli kwa nyuma, ikiwa imekwisha kupakiwa. Nasema ikiwa imekwisha kupakiwa, kwa sababu baisikeli tupu haituonyeshi neno. Atakayeonekana hana riflekta asiadhibiwe wala asirudishwe nyumbani, maana adhabu itamfanya apite ua wa nyuma. Apewe riflekta na spana, aifunge pale pale. Na karakana yetu ya chuma yaweza kuvikata vile vipande bapa kama somo, kila mwanafunzi akajifungia chake.

La pili ni kwa ninyi wanafunzi wa zamani, ambao gazeti hili huwafikia. Wengi wenu leo mko nyuma ya usukani, na pengine mlipita barabara hizi kwa baisikeli mlipokuwa na umri wetu. Mmetupa vikombe vya michezo, nasi twawashukuru. Mkitaka kutupa zawadi nyingine, leteni sanduku la riflekta zenye bolti za chuma. Na zawadi isiyo na gharama yoyote ni hii: mkishuka Barabara ya Port Bell usiku, punguzeni mwendo, na mkimpita mtu wa baisikeli mwachieni nafasi ya mtu kuyumba, kwa kuwa mwenye gunia la makaa huyumba.

Nanyi wenzangu, jioni ya leo fanyeni jambo moja. Pakia baisikeli yako kama unavyoipakia siku zote, uisimamishe uwanjani giza likiisha kuingia. Hesabu hatua 100 kwenda nyuma yake. Geuka, inua tochi hadi kando ya jicho lako, uimulike baisikeli. Ukiona alama nyekundu, uko tayari kwa safari. Usipoona kitu, basi hivyo ndivyo dereva anavyokuona kila usiku. Tafuta spana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Luzira